Kompyuta ‘ilivyomgeuka’ mama wa steshenari Ngaramtoni, kumbe ni macho

Ngaramtoni. Alhamisi ni siku ya soko Ngaramtoni. Tangu alfajiri daladala kutoka mjini Arusha zinashusha watu na mizigo, kina mama wanapanga ndizi, viazi na maharage, na kando ya barabara ya kwenda Namanga hakuna pa kukanyaga. Kwa mama mmoja mwenye umri wa miaka 54, anayeendesha duka dogo la steshenari hatua chache kutoka barabarani, hiyo ndiyo siku inayolipa kodi ya fremu.

Watu wanaoshuka sokoni huitumia safari hiyohiyo kumaliza mambo ya karatasi. Huyu anataka fotokopi ya kitambulisho cha taifa, yule anaprinti fomu ya kujiunga na shule, mwingine anataka kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Mama huyo, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe, ameifanya kazi hiyo kwa miaka 14, na wateja wake humsifu kwa jambo moja: mikono yake ni myepesi.

Lakini Alhamisi moja ya Septemba 2025 mikono hiyo ilimwangusha.

Saa tatu asubuhi waliingia mzee mmoja na mjukuu wake wakiwa na flashi. Ndani yake kulikuwa na ratiba ya mazishi ya bibi wa familia hiyo, yenye picha yake, historia fupi ya maisha yake na nyimbo za ibada. Walihitaji nakala 80 kabla ya saa sita mchana. Kwake hiyo ilikuwa kazi ya nusu saa.

“Niliwapa pole ya msiba, nikawaambia wakae kwenye benchi. Nilikuwa na uhakika kabisa,” anasimulia.

Alichomeka flashi, akabonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya faili ili alinakili kwenye kompyuta, kama alivyofanya maelfu ya mara. Orodha iliyofunguka haikuwa ile aliyoizoea. Badala ya maneno yaliyopangwa kutoka juu kwenda chini, juu kabisa kulikuwa na mstari wa vialama vidogo. Akabonyeza kimoja. Kikatokea kisanduku cha kuuliza swali. Akabonyeza Enter, kwa sababu siku zote kisanduku kikitokea yeye hubonyeza Enter.

Faili likatoweka. Alikuwa amelifuta. Na faili likifutwa kwenye flashi haliendi kwenye kapu la taka la kompyuta, ambako lingeweza kurudishwa kwa kubonyeza mara moja. Linakwenda moja kwa moja.

Mjukuu alipiga simu huku na huku mpaka akampata ndugu aliyeichapa ratiba hiyo. Naye alikuwa njiani na ilibidi arudi nyumbani ndipo aitume kwa WhatsApp. Ratiba zilipotoka kwenye printa, ibada ilikuwa imefika katikati.

“Hawakunigombeza. Mzee alisema tu, ‘Mama, ni bahati mbaya, tunashukuru.’ Ingekuwa nafuu wangenigombeza,” anasema. Aliwarudishia fedha yao, na saa nane mchana, soko likiwa bado limejaa, akafunga duka.

Zawadi ya mtoto

Kompyuta hiyo ilikuwa na wiki moja tu dukani. Ililetwa na mwanawe wa kwanza, mhasibu jijini Dar es Salaam, alipokuja likizo. Kijana huyo alikuwa na sababu nzuri. Kompyuta ya zamani ya mama yake ilikuwa ikitumia Windows 10, na kampuni ya Microsoft ilikwishatangaza kwamba kuanzia Oktoba 14, 2025 itaacha kuipa mfumo huo masasisho ya bure ya usalama. Kwa duka linalopokea flashi za kila mtu, zenye virusi na zisizo na virusi, hilo si jambo la kupuuza.

Kompyuta ile ya zamani haikuweza kupandishwa kwenda Windows 11, kwa sababu mfumo huo mpya unadai prosesa za miaka ya karibuni na kifaa maalumu cha usalama ndani ya kompyuta. Kwa hiyo kijana alileta kompyuta mpakato yake aliyokuwa akiitumia, akahamisha mafaili ya mama yake usiku, na asubuhi akamkabidhi.

“Nilimwonyesha kila kitu kwa kama dakika 20 hivi,” anasema kijana huyo kwa simu. “Niliona ni jambo dogo. Ni Windows ileile, imepambwa tu.”

Mama yake anayakumbuka masomo hayo tofauti. Anasema kila alipokwama, mwanawe alichukua mausi mkononi mwake, akabonyeza mara mbili tatu, akasema, “Umeona, Mama? Rahisi.” Yeye aliitikia ndiyo. Hakuwa ameona.

“Kuna wakati nilimuuliza hivi vialama ni vya nini, akaniambia, ‘Mama, si imeandikwa hapo chini?’ Nikanyamaza. Ningemwambia nini mwanangu, kwamba sisomi?”

Jibu hilo lilikuwa na uzito kuliko wote wawili walivyojua, kama ilivyokuja kuonekana baadaye.

Miaka 20 ya mazoea

Mama huyu alijifunza kompyuta mwaka 2003 katika kozi ya jioni mjini Arusha, wakati Windows XP ikiwa ndiyo habari ya mjini. Tangu hapo amepita Windows 7 na Windows 10, na katika zote hizo kitufe cha Start kilikaa pembeni kushoto, chini. Kwenye Windows 11, iliyotolewa Oktoba 5, 2021, kitufe hicho kimesogezwa katikati pamoja na alama za programu zote zilizokuwa zikipangwa kuanzia kushoto.

Kwa mtu anayeitazama kompyuta kwa mara ya kwanza, kushoto na katikati havina tofauti. Kwa mtu aliyeizoea kwa miaka 20, tofauti ni kubwa, na sababu yake iko kichwani.

Kazi inayorudiwa mara nyingi huacha kuwa jambo la kufikiria. Ubongo huihamishia kwenye kumbukumbu ya aina nyingine, ileile inayomwezesha mtu kuendesha baiskeli, kusuka nywele au kukanda chapati huku akizungumza na jirani. Mama aliyepika kwenye jiko moja kwa miaka mingi hushika kopo la chumvi hata umeme ukikatika. Hatafuti, mkono unajua. Mtu akija akalipanga upya jiko hilo usiku, hata kama amelipanga vizuri zaidi, asubuhi mpishi huyo atamwaga sukari kwenye mchuzi.

Kumbukumbu hiyo ina faida kubwa: inauachia ubongo nafasi ya kushughulika na mambo mengine, kama kumsikiliza mteja na kuhesabu chenji. Ubaya wake ni kwamba haifutiki kwa kuelezwa mara moja. Mtu anaweza kujua kabisa kwamba kitufe kimehama na bado mkono ukaenda kulekule. Kila mara unapokosea, ubongo unalazimika kusimama, kuangalia, kusoma na kuamua. Kazi iliyokuwa ya mikono inageuka kuwa ya akili, na kufika jioni mtu amechoka kama aliyefanya mtihani.

Ndiyo maana wengi hukasirika kompyuta au simu inapobadilishwa sura, na hasira hiyo huwashangaza walioibadilisha. Vijana husema wazee hawapendi mabadiliko. Ukweli ni kwamba anayeumia zaidi mara nyingi ni yule aliyekuwa hodari, kwa kuwa ndiye mwenye mazoea mengi ya kupoteza.

Hata dunia ililalamika

Mama wa Ngaramtoni si wa kwanza. Kitufe cha Start kilianza na Windows 95, iliyozinduliwa Agosti 24, 1995. Oktoba 26, 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, ambayo ilikiondoa kabisa kitufe hicho na kuweka ukurasa wa vigae vya rangi uliobuniwa kwa ajili ya kugusa kwa kidole. Watu wengi waliokuwa na kompyuta za mezani, zisizoguswa kwa kidole, walijikuta hawajui hata namna ya kuizima kompyuta. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 17, 2013, lilitoka toleo la 8.1 na kitufe kikarudi. Windows 10, iliyotoka Julai 29, 2015, ikarudisha na menyu yake.

Kwenye Windows 11 nako mambo yamejirudia kwa kiasi. Ile orodha ya kitufe cha kulia cha mausi, iliyomponza mama huyu, ilifupishwa, na maneno ya kukata, kunakili, kubadili jina na kufuta yakageuzwa kuwa vialama vitupu. Watumiaji walilalamika kwamba hawajui kipi ni kipi. Katika toleo la mwaka 2024 yakaongezwa maneno madogo chini ya kila alama.

Simu nazo hazijabaki nyuma. Septemba 2013 Apple ilipobadilisha sura ya iPhone kwa mfumo wa iOS 7, baadhi ya watumiaji walilalamika kupata kizunguzungu na kichefuchefu kwa sababu ya namna picha zilivyokuwa zikikuza na kusogea mtu anapofungua programu. Haikuwa maneno matupu. Macho yakiona mwendo ambao sikio la ndani, lenye kazi ya kutunza mizani ya mwili, halijauhisi, ubongo hupokea taarifa mbili zinazopingana. Ni hali ileile inayomtapisha abiria anayesoma ndani ya basi. Kampuni hiyo ikalazimika kuimarisha sehemu ya kupunguza mwendo huo.

Kuna wanaodhani suluhisho ni lugha, kwamba kompyuta ingezungumza Kiswahili tabu hizi zisingekuwapo. Jitihada hizo zimekuwapo kwa muda mrefu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na leo simu nyingi zinaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Hilo linamsaidia sana anayeanza. Lakini aliyezoea kuona neno la Kiingereza mahali fulani kwa miaka 20 halisomi tena neno hilo. Analitambua kwa umbo na mahali lilipo, kama dereva anavyotambua kibao cha barabarani. Ukimbadilishia lugha umemhamishia jiko kwa mara ya pili.

“Nilidhani ni presha”

Baada ya tukio la ratiba, mama huyu hakufungua duka kwa siku mbili. Alipofungua, alianza kuwarudisha wateja wenye kazi ndefu na kubaki na fotokopi, ambazo hazihitaji kompyuta. Kichwa kilimuuma kila siku jioni, hasa juu ya macho. Usiku aliamka akiwaza ile picha ya bibi kwenye ratiba. Moyo ulimwenda mbio kila mteja alipotoa flashi mfukoni.

“Nilijua moja kwa moja kwamba ni presha. Marehemu mama yangu alikuwa nayo,” anasema. Alianza kunywa dawa za kutuliza maumivu alizonunua mwenyewe, mbili asubuhi, mbili jioni.

Aliyegundua kwamba kuna jambo jingine ni binti yake wa mwisho, anayesoma kidato cha tatu. Jioni moja mama alimpa simu amsomee ujumbe wa fedha uliotumwa na mteja. Binti akasoma, kisha akauliza: “Mama, mbona siku hizi kila ujumbe unanipa mimi nisome?”

Mama akamjibu kwamba amechoka. Binti akamwambia aisome pakiti ya dawa aliyokuwa ameishika. Mama aliipeleka pakiti mbali, akanyoosha mkono mpaka mwisho, akakunja uso. Hakuisoma.

Kesho yake wote wawili walikwenda kituo cha afya. Kipimo cha kwanza cha shinikizo la damu kilikuwa juu kidogo. Muuguzi hakumwandikia chochote, akamwambia akae dakika tano bila kuzungumza, miguu ikiwa chini na mkono mezani. Kipimo cha pili kilikuwa cha kawaida, na cha siku nyingine vilevile. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila familia: wasiwasi, haraka na kupanda mlima kuja kliniki vinaweza kupandisha kipimo kwa muda. Mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu pale vipimo vya siku tofauti vinapoendelea kuwa 140 kwa 90 au zaidi. Kwa upande mwingine, kutoumwa kichwa si ushahidi kwamba mtu hana presha, kwa kuwa wengi wenye nayo hawasikii dalili yoyote. Kinachojua ni kipimo.

Kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa macho. Huko ndiko fumbo lilikofumbuliwa.

Alikuwa anakumbuka, hasomi

Mama huyu alikuwa haoni vizuri vitu vya karibu, na kwa dalili zake hali hiyo ilikuwa imeanza miaka kadhaa nyuma. Swali ni namna alivyoendesha steshenari muda wote huo bila miwani.

Jibu ni kwamba kompyuta yake ya zamani hakuwa akiisoma. Alikuwa akiikumbuka. Alijua kunakili ni mstari wa ngapi, kuprinti kuko wapi, kuhifadhi kuko wapi. Barua alizichapa bila kutazama vitufe, na kwa kuwa barua nyingi zinafanana, makosa yalikuwa machache. Mazoea yake yalikuwa miwani yake. Sura mpya ya kompyuta ilipomlazimisha kusoma, ndipo ilipodhihirika kwamba hawezi. Yale maneno madogo chini ya vialama, ambayo mwanawe alimwonyesha, kwake yalikuwa ukungu.

“Mtaalamu aliponiwekea lenzi na kunipa kikaratasi nisome, nililia. Nilikuwa nimejiambia nimezeeka, akili imekwisha, kompyuta si kazi yangu tena,” anasema.

Hali hiyo kitaalamu huitwa presbaiopia. Ndani ya jicho kuna lenzi inayonyumbuka ili kuona karibu. Kadiri umri unavyokwenda lenzi hukakamaa, na kuanzia miaka ya 40 hivi mtu huanza kuhitaji kusogeza maandishi mbali ili ayaone. Si ugonjwa wa kuambukiza wala adhabu ya kusoma sana, na humpata karibu kila mtu anayeishi muda wa kutosha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 826 duniani wana tatizo hilo bila kupata msaada, ilhali mara nyingi msaada wenyewe ni miwani ya kusomea tu. Hapa nchini, utafiti uliofanyika vijijini wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta zaidi ya nusu ya watu wenye miaka 40 na kuendelea wana presbaiopia, na wenye miwani walikuwa wachache mno. Wengi wao hawakuwa wasomaji wa vitabu, lakini kuchambua mchele, kutunga uzi kwenye sindano na kukata kucha za mtoto vyote vinataka jicho la karibu.

Suala hili ni la mfuko pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipopewa miwani ya karibu, kiasi walichochuma kiliongezeka kwa takriban asilimia 22 kuliko cha wenzao ambao hawakupewa. Nchini Bangladesh, utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kipato cha waliopewa miwani kilipanda kwa takriban theluthi moja.

Miwani ya kitabu si ya kompyuta

Hata hivyo, miwani ya kwanza ya mama huyu haikumaliza tatizo mara moja. Ilimsaidia kusoma karatasi, lakini kwenye kompyuta alijikuta anainamisha uso mpaka shingo ikauma. Sababu ni umbali. Miwani ya kusomea kitabu hupimwa kwa kitu kilicho sentimita 40 hivi kutoka machoni, wakati kioo cha kompyuta mara nyingi kipo sentimita 50 hadi 70. Nguvu ya lenzi inayofaa kwa kitabu inaweza kuwa kubwa mno kwa kompyuta.

Alirudi akiwa amepima kwa rula umbali kutoka usoni hadi kwenye kioo chake, akapewa miwani nyepesi kidogo kwa ajili ya kazi. Yeyote anayefanya kazi kwenye kompyuta na anakwenda kupimwa afanye hivyo: apime umbali wake na amwambie mtaalamu.

Kununua miwani ya mezani sokoni bila kupimwa kuna hatari nyingine. Miwani yenyewe haiharibu macho, lakini inaweza kumfanya mtu asiende kliniki kabisa. Kipimo cha macho ndicho kinachoweza kubaini presha ya macho, ambayo hula uwezo wa kuona polepole bila maumivu, pamoja na mtoto wa jicho na madhara ya kisukari.

Kuhusu miwani inayouzwa kwa sifa ya kuzuia mwanga wa buluu wa kompyuta, uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2023 haukuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta kuliko miwani ya kawaida. Kinachochosha zaidi ni kukodoa. Mtu anayetazama kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, yakakauka na kuwasha.

Dawa yake haina gharama: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, angalau mita sita, kwa sekunde 20, na upepese macho mara kadhaa. Mama wa Ngaramtoni ameligeuza benchi la wateja likatazamana na mlango. Mteja anapokaa, yeye huinua macho juu ya kichwa chake, akautazama Mlima Meru. Siku mlima ukiwa na mawingu hutazama miti.

Ukitaka kumbadilishia mzazi kompyuta

Mwanawe alirudi Ngaramtoni mwisho wa wiki mbili baadaye, safari hii kwa ajili ya kompyuta tu. Walikubaliana masharti mawili. Mausi lisitoke mkononi mwa mama, na neno “rahisi” lisisemwe.

Walichofanya kinaweza kufanywa katika familia yoyote. Kwanza walikirudisha kitufe cha Start kushoto. Hilo linawezekana: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye upau wa chini, fungua mipangilio yake, kisha tafuta sehemu ya tabia za upau na uchague kushoto. Pili, waliongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya ufikivu, wakazima mbwembwe za vitu kusogea na kuonyesha vilivyo nyuma yake.

Tatu, walitafuta vitu ambavyo havijabadilika. Kubonyeza Control pamoja na C bado kunanakili, Control na V kunabandika, Control na P kunaprinti, kama ilivyokuwa mwaka 2003. Mikono ya mama ilikuwa inavijua tayari. Na ile orodha ndefu ya zamani aliyoizoea bado ipo: akishikilia kitufe cha Shift huku akibonyeza kitufe cha kulia cha mausi, inafunguka.

Nne, waliandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake mwenyewe, kazi kumi anazozifanya zaidi na hatua za kila moja. Tano, na hili ndilo analolisisitiza kuliko yote, kompyuta ya zamani ilirudishwa mezani kwa mwezi mzima bila kuunganishwa na intaneti, ikae kando ya mpya. Kazi za haraka zilifanyika kwenye ya zamani, za kujifunza kwenye mpya, hadi mikono ilipohama yenyewe. Mabadiliko makubwa yasifanyike kuamkia siku ya soko.

Kuna na sheria moja ya dukani: faili la mteja hunakiliwa kwanza, na kisanduku chochote kinachouliza swali husomwa hadi mwisho kabla ya Enter.

Mzee wa ile ratiba ya mazishi alirudi mwezi uliofuata. Alikuwa na picha za shughuli ya kuweka msalaba kwenye kaburi la mkewe, akitaka zitolewe kwenye karatasi ngumu. Mama huyo anasema alipomwona mlangoni alitamani ajifiche chini ya meza.

“Alinisalimia, akakaa benchi lilelile. Nikavaa miwani. Nikamsomea jina la kila picha kabla sijabonyeza kitu,” anasema.

Na mwanawe? Septemba 15, 2025 Apple ilitoa iOS 26, mfumo wenye sura mpya ya vitufe vinavyong’aa na kuonyesha vilivyo nyuma yake kama kioo cha glasi. Watumiaji katika nchi nyingi walilalamika kuwa maandishi yanamezwa na picha zilizo nyuma, na Novemba mwaka huo kampuni ikaongeza njia ya kuyafanya yaonekane zaidi. Kijana huyo, mwenye umri wa miaka 29 na macho yasiyo na tatizo, aliipandisha simu yake usiku, na asubuhi akampigia mama yake akilalamika kwamba hata arifa za benki anazisoma kwa tabu.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kwa upole: “Mwanangu, si imeandikwa hapo chini?”